Mazoezi ya bendi ya marafiki jioni ya siku ya kazi: jinsi ya kutumia saa mbili

Sikiliza bendi yoyote ya marafiki inapoharibu, utakuta kosa liko karibu kila mara mahali palepale: wimbo unapotoka kwenye kiitikio kwenda kwenye chemko (sehemu ya mwisho, ya magitaa na kucheza), saksafoni inapotakiwa kuingia, au mwisho, ambapo kila mtu anamaliza kivyake. Ndani ya ubeti, hata bendi ya miezi mitatu hujikokota salama. Ndiyo maana mwongozo huu unapanga jioni nzima kwa ajili ya maungio hayo, na mengine yote (umeme, volyumu, majirani, foleni) yapo ili mfike kwenye maungio mkiwa bado na muda na akili.

Tumechukulia bendi ya dansi ya kawaida: gitaa la solo, la rizimu na la besi, dramu, tumba, waimbaji wawili, na saksafoni au kinanda kama mnacho. Ukumbi ni sebule, gereji, au darasa mliloazimwa baada ya masomo.

Kabla ya siku yenyewe

Chagueni nyimbo mbili tu: moja mpya na moja mnayoijua. Wanaopanga nyimbo tano kwa jioni moja huzipiga zote mara mbili na hawaendi na hata moja iliyokaa sawa.

Wimbo mpya utumwe kwenye grupu angalau siku tatu kabla, pamoja na ramani yake. Ramani ni karatasi moja inayoonyesha sehemu za wimbo kwa mpangilio na idadi ya mizunguko ya kila sehemu. Mzunguko ni mfuatano wa kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) unaojirudia, mfano C, F, C, G, kila moja kwa mapigo manne. (Kodi hizi hazipelekwi TRA.) Ramani inaweza kuwa hivi:

Utangulizi wa solo, mizunguko 2
Ubeti wa kwanza, 4
Kiitikio, 2
Saksafoni, 2
Ubeti wa pili, 4
Kiitikio, 2, kisha kusimama
Chemko, 8, rapa anaingia mzunguko wa 3
Mwisho: alama ya dramu, wote C moja fupi

Kodi ziandikwe pia kwa namba: C ni moja, F ni nne, G ni tano. Sababu itaonekana siku mwimbaji atakaposema koo halifiki, tushushe. Aliyekariri "C, F, C, G" ataanza kutafuta vidole. Aliyekariri "moja, nne, moja, tano" anahamia B au A papo hapo. Mpiga rizimu anaweza hata kuonyesha namba kwa vidole wakati mpuliza saksafoni amepotea.

Kila mtu ajifunze sehemu yake nyumbani. Mpiga besi akianza kutafuta noti zake mbele ya wenzake sita, hao sita wamelipa nauli kuja kumsubiri.

Siku na saa

Jumanne au Jumatano. Jumatatu watu wamechoka na wiki, Alhamisi na Ijumaa kuna misiba, vikao vya harusi na mpira.

Kwa Dar es Salaam, fungeni vyombo kuanzia saa 12:40 jioni na pigo la kwanza liwe saa 1 kamili usiku, Magharibi ikiwa imeshaswaliwa. Adhana ya Isha huingia kati ya saa 1:20 na saa 2 hivi, kutegemea mwezi. Wekeni mapumziko yenu hapo, robo saa, hata kama kwenye bendi hakuna anayeswali, jirani anaswali. Saa 3 kamili zimeni. Bendi inayozima saa 3 kila wiki hupewa chumba mwaka mzima, na inayosema "tumalizie huu mmoja" huanza kutafuta chumba kingine kabla ya mwezi kuisha.

Anayechelewa asisubiriwe. Dramu na besi wakishafika, mazoezi yameanza, kwa sababu kuna kazi ya wawili hao peke yao, tutaifikia.

Umeme

Soketi moja ya ukutani ya pini tatu inabeba ampea 13, yaani kama wati 3,000 kwa volti 230. Amplifaya mbili za gitaa za wati 50, moja ya besi ya wati 200 na spika mbili za waimbaji hazifikii hata nusu ya hapo. Kwa hiyo kinachounguza si uzito wa vyombo, ni ekstensheni ya bei poa yenye nyaya nyembamba na soketi zilizolegea. Ishike baada ya nusu saa. Ikiwa ya moto, badilisheni, na msiwaachie watu wa chai kuchomeka birika hapohapo, maana birika moja linakula wati 2,000.

Vyombo vyote vitoke kwenye soketi moja ya ukutani. Amplifaya ya gitaa ikichomekwa ukuta huu na miksa ukuta ule, mara nyingi mtapata mngurumo, na mara nyingine mpiga gitaa anayeimba atapigwa shoti ya mdomo akigusa maiki. Hiyo shoti ya mdomo, hata ndogo, maana yake ni kwamba ethi (waya wa ardhini) ina tatizo mahali fulani. Zimeni, mwiteni fundi umeme, msiendelee. Wapo wanaokata au kuruka pini ya ethi ili mngurumo uishe. Mngurumo unaisha kweli, na chombo kinabaki bila kinga.

Kuwasha kuna mpangilio: vyombo na miksa kwanza, spika na amplifaya mwisho, volyumu zikiwa chini. Kuzima ni kinyume chake. Ukikosea mnasikia "bum" moja ambayo inaweza kuondoka na spika. Umeme ukikatika, mtu mmoja awe na kazi ya kuzima kila kitu palepale, asisubiri urudi, kwa sababu unaporudi huja na mshtuko.

Kupanga chumba na volyumu

Dramu haina kitasa cha volyumu, hivyo yeye ndiye kipimo cha wote. Kwenye chumba cha mita nne kwa tano, fimbo za kawaida ni nyingi mno. Tengenezeni fimbo za sauti ya chini: vijiti 15 hadi 20 vya mishikaki, kata ncha kali, funga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli sehemu mbili, kwenye mshiko na katikati. Hazidumu sana, lakini mfuko mmoja wa vijiti ni wiki kadhaa. Ndani ya dramu ya mguu ingizeni blanketi liguse ngozi, na juu ya snea (dramu ndogo yenye mlio mkali) wekeni kitambaa chepesi kinachofunika robo ya ngozi. Mkifunika yote, mpigaji atapiga kwa nguvu zaidi kutafuta mrudisho wa fimbo, na mmerudi mlikotoka.

Amplifaya za gitaa zipandishwe juu ya kiti au ziegemezwe nyuma ili zitazame masikio. Zikikaa sakafuni, sauti kali ya juu inampiga mpigaji magotini. Yeye hajisikii, anaongeza, wakati aliye mbele yake anaumia. Nusu ya ugomvi wa volyumu unaishia hapo. Besi ni kinyume: iwekwe juu ya kipande cha godoro ili mtetemo usiingie sakafuni na ukutani kwa jirani. Trei za mayai mnazoziona zimebandikwa kwenye kuta hazizuii besi wala dramu kutoka nje, hupunguza tu mwangwi kidogo humo ndani. Afadhali mapazia mazito, magodoro ukutani, na madirisha yafungwe upande wa jirani.

Maiki za kawaida za kuimbia hazisikii vizuri kinachotoka mgongoni kwake. Basi spika ya waimbaji iwe mbele yao, ikitazama mgongo wa maiki. Maiki ikianza kupiga mluzi, mtu asikimbilie kuifunika kwa kiganja wala kushika kichwa chake chote kama wanavyofanya marapa, kwani ukiziba matundu ya kichwa maiki inaanza kusikia pande zote na mluzi unazidi. Isogeze kutoka kwenye spika, kisha punguza.

Kipimo chetu cha volyumu ni hiki: waimbaji waimbe kiitikio kwa nguvu ya kawaida, na mpiga dramu aseme kama anasikia maneno. Hasikii? Magitaa yashuke, waimbaji wasipandishwe. Kumbukeni pia masikio. Taasisi ya Marekani ya afya kazini, NIOSH, inaweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu. Kwenye desibeli 100, ambazo chumba kidogo chenye dramu hufikia bila taabu, muda salama ni dakika 15. Vizibo vya masikio vya sponji vinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya usalama.

Kuhusu kukaa: mpiga besi akae mahali anapoona mguu wa mpiga dramu. Hilo ni la lazima. Wengine watajipanga.

Kutyuni, na sauti za magitaa kupishana

Wote mtyuni kwa chanzo kimoja, mashine au programu ya simu iliyowekwa A ya hezi 440, vyombo vingine vyote vikiwa kimya. Kinanda hakirekebishwi jioni hiyo, kwa hiyo kama kipo, kihakikisheni nacho kiko 440 kabla hamjaanza kulaumiana. Nyuzi mpya hulegea: zivute kwa kidole mara kadhaa, utyuni tena. Saksafoni ipulizwe dakika tano kwanza, ikiwa baridi huwa chini.

Magitaa mawili au matatu yakipiga kodi ileile pembe ileile ya shingo, mnapata uji. Gaweni shingo. Kwa C, rizimu akae kwenye C ya wazi, chini kabisa. Gitaa la pili lipige C ya kizuizi (freti) cha 8. Solo aanzie kizuizi cha 12 kwenda juu. Wakongo wana mbinu nyingine ya gitaa hilo la kati: uzi wa nne, D, unatolewa na kuwekwa uzi mwembamba unaotyuniwa oktava moja juu. Gitaa linapata ule mlio wa kengele na linajitenga na rizimu bila kuongeza volyumu. Kama mna gitaa la ziada lisilotumika, jaribuni.

Kupata joto: makofi kabla ya vyombo

Kabla hamjagusa chombo, pigeni makofi ya klave dakika mbili, wote, waimbaji wakiwemo. Hesabuni hadi 16 kwa mwendo ulio sawa, na kofi liangukie 1, 4, 7, 11 na 13. Nusu ya kwanza ina makofi matatu, ya pili ina mawili. Mkishakaa, waimbaji waimbe kiitikio juu yake huku makofi yakiendelea. Hapo ndipo utagundua kwa nini kiitikio chenu kilikuwa kinakaa kama kiatu kilichovaliwa mguu usio wake: waimbaji wanaanza kwenye nusu ya makofi mawili, dramu anaanza kwenye nusu ya matatu. Kosa hili halisikiki vyombo vyote vikilia, mnahisi tu kwamba wimbo mzito.

Kisha pigeni ule wimbo mnaoujua, mara moja, bila kusimama hata mkikosea. Huo ni wa kupasha misuli na kumkaribisha aliyechelewa.

Maungio

Muda mwingi wa jioni uwe hapa. Tuchukue ungio gumu kuliko yote katika muziki huu, kutoka kiitikio kwenda chemko, au sebene kama wengi wanavyosema siku hizi. Nyimbo za dansi za Tanzania, tangu enzi za NUTA Jazz iliyoanza 1964 na Mlimani Park iliyoanza 1978, zimekaa kwa sehemu mbili: ya kwanza ya maneno, polepole, na ya pili ya magitaa na kucheza. Chemko ndipo bendi nyingi zinapochemsha.

Kubalianeni mambo matatu kabla ya kupiga: nani anatoa ishara, ishara yenyewe ni ipi, na nani ananyamaza. Mfano. Tuko kwenye mzunguko wa mwisho wa kiitikio, C, F, C, G. Mwimbaji anamaliza neno lake la mwisho kwenye C ya pili. Inapoingia G, rizimu na besi wanapiga pigo la kwanza tu na kunyamaza. Dramu anaviringisha snea pigo la pili, la tatu na la nne. Solo anaingia kwenye pigo la nne na noti mbili za kupandia. Halafu kiki (dramu ya mguu) na besi wanatua pamoja kwenye moja, yaani pigo la kwanza, la C, na chemko limeanza.

Fanyeni hivi. Dramu na besi peke yao kwanza, mara tano (hii ndiyo kazi ya kufanya wakati wengine wako kwenye foleni). Ongeza solo, mara tano. Ongeza rizimu. Tumba na waimbaji mwisho. Kila mara anzeni mwanzo wa ule mzunguko wa mwisho wa kiitikio na mkate baada ya mzunguko mmoja tu wa chemko. Jaribio moja halizidi sekunde 20, kwa hiyo dakika 10 zinatosha mara 20 pamoja na maneno ya katikati. Ugumu ni kukata. Chemko likishaingia vizuri kila mtu anataka kuendelea kulicheza, na dakika kumi zinaondoka bila ungio kuguswa tena.

Yanayoharibika hapa ni matatu. La kwanza, dramu anakimbia ndani ya mviringo kwa sababu hauhesabu. Aupige kwa mapigo manne yaliyo sawa kwa kila hesabu hadi mkono uzoee. La pili, besi anatua mapema kwa kuwa amezichukulia noti za solo za kupandia kuwa ndiyo moja. Dawa yake ni kuacha kumtazama mpiga solo na kutazama mguu wa kiki. La tatu ni kasi. Kama maneno yako kwenye mapigo 100 kwa dakika na chemko mnalitaka 126, amueni kama mnaruka moja kwa moja au mnapanda taratibu. Kwa bendi changa, kuruka ni rahisi zaidi: mpiga dramu aimbe kimoyomoyo kipande cha solo cha chemko wakati wa lile pigo la kwanza la G, kisha aviringishe kwa kasi hiyo mpya. Wekeni metronomu ya simu kwenye 126 mara mbili tatu ili wote wajue kasi inayotafutwa, kisha zimeni. Kupiga jioni nzima na metronomu kunawafanya waisikilize simu badala ya kusikilizana.

Ndani ya chemko lenyewe, besi apunguze noti. Kosa la kawaida ni kujaza kila nafasi kwa sababu mwendo umepanda, wakati utamu uko kwenye mapengo anayoachia kiki na tumba. Mpiga tumba naye akinogewa huvuta bendi nzima mbele. Mpiga dramu ndiye mwenye mamlaka ya kumrudisha, kwa kumtazama tu.

Ungio la saksafoni ni jepesi: mpulizaji anahitaji pumzi, hivyo mwimbaji aache pigo zima tupu kabla yake. Miisho ndiyo husahaulika. Nyimbo nyingi kwenye rekodi huishia kwa sauti kufifia, na nyie jukwaani hamna wa kuwafifisha. Tungeni mwisho wenu, mfupi, wenye ishara ya mtu mmoja, na muupige mara kumi.

Mtu mmoja aongoze jioni, na zamu ibadilike kila wiki. Anaposema "simama", gitaa linanyamaza. Kukwaruza nyuzi wakati mwenzako anaeleza kunakula muda kuliko foleni ya Dar.

Gitaa linapokatakata

Litatokea, na mara tisa kati ya kumi ni waya. Badilisha waya kwanza kabla ya kufungua chochote. Likipona, waya ule wa kwanza una kidonda, na karibu kila mara kiko sentimita chache kutoka kwenye jeki (plagi ya waya wa gitaa), panapokunjwa. Kata sentimita tano, menya, chomelea upya kwa risasi: waya wa ndani kwenye ncha ya jeki, wavu wa nje kwenye mwili wake. Ili usirudie, pitisha waya kwenye mkanda wa gitaa kabla ya kuchomeka, ukikanyagwa uvute mkanda na si jeki. Waya wa gitaa usitumike kuunganisha amplifaya na spika. Ni mwembamba, unapata moto.

Kurekodi na kufunga

Rekodini mara ya mwisho tu ya kila wimbo, kwa simu iliyo mita mbili tatu kutoka kwa bendi, usawa wa kichwa, si juu ya spika ya besi. Faili lipewe jina la wimbo na tarehe kabla halijatumwa, la sivyo baada ya mwezi grupu lina sauti arobaini zisizojulikana. Kesho yake kila mtu asikilize maungio tu na aandike kosa lake mwenyewe.

Dakika kumi kabla ya saa 3 anzeni kufungua. Nyaya zikunjwe kwa duara kubwa mkononi, zisizungushwe kwenye kiwiko, maana zinajisokota ndani na kukatika. Andikeni nani ameondoka na kitu gani: miksa kwa nani, ekstensheni kwa nani, maiki ngapi. Besi yenye betri ya volti 9 ichomolewe jeki hata kama inabaki ukumbini, kwa sababu jeki ikiwa ndani betri inaendelea kuliwa, na Jumanne ijayo mtamkuta mpiga besi barabarani anatafuta duka lililo wazi.